Dera la mhusika wangu linaelea kama yuko chini ya maji, na goti linatoboa. Msaada Blender

MchoraTanga

Wakuu habari za mihangaiko. Nimekwama siku ya nne sasa, naomba mwenye uzoefu wa simulesheni ya nguo (kompyuta kukokotoa nguo inavyocheza) kwenye Blender, hii programu ya 3D, anisaidie kabla sijaitupa hii laptop dirishani.

Nina kaanimesheni ka sekunde 14, mama wa makamo anatoka mlangoni kwake, anashuka ngazi tatu, anageuka ghafla kumwita mtoto. Amevaa dera, juu ya dera amejifunga khanga kiunoni. Basi, hakuna cha zaidi. Nilidhani kazi ya wikiendi moja. Mteja (simtaji) ameshanirudishia mara mbili, ya kwanza kaniambia nguo kama plastiki, ya pili kaniuliza kwani huyu mama anaogelea?

Na kweli ukiangalia anaogelea. Akishuka ngazi dera linabaki juu, halafu linashuka polepoleee, yani yeye keshafika chini ndo pindo linafika. Akigeuka, goti la kulia linatoka nje ya kitambaa kama msumari. Kwapani kuna sehemu inatetemeka muda wote hata akiwa amesimama tu. Halafu khanga ndo kituko kabisa, nimeiandika jina "Wema hauozi", sasa akitembea yale maandishi yanarefuka kama yameandikwa kwenye puto.

Nilichojaribu: priseti zote (mipangilio iliyokuja na programu), Pamba, Hariri, mpaka Jinzi nimeweka. Nikaongeza uzito kutoka 0.3 mpaka 2 nikidhani litashuka haraka, wapi, likaanza kuvutika mabegani tu. Nikaongeza Kwaliti Stepu (mara ngapi nguo inakokotolewa ndani ya fremu moja) kutoka 5 mpaka 10, mashine yangu ramu 8 tu, kubeki (kukokotoa na kuhifadhi) fremu 336 ikachukua karibu saa zima na matokeo yaleyale. Nikaleta fomula za YouTube za kila namna. Sasa naomba mnipe namba sahihi za dera na namba sahihi za khanga nizipachike nimalize, Ijumaa natakiwa nitume.

kijana_wa_render

Mkuu usihangaike, nenda Spidi Maltiplaya (kasi ya simulesheni) weka 3. Itashuka haraka. Kwisha habari.

FundiMeshi

MchoraTanga kabla ya namba yoyote, fanya kitu kimoja. Mbonyeze huyo mama, bonyeza N, angalia Daimensheni kwenye Z inasoma ngapi. Rudi hapa uniambie.

MchoraTanga

Inasoma 16.8 m. Skeli ni 1.000 kote, nilishaaplai toka mwanzo kama wanavyosemaga.

FundiMeshi

Nilijua tu 😂 Huyo sio mama huyo ni jengo la ghorofa tano.

Iko hivi. Blender haijui kwamba huyo ni binadamu, inajua mita na inajua gravity 9.81. Kitu kikidondoka kutoka kiunoni, tuseme mita 1, kinatumia kama sekunde 0.45 kufika chini, kwa fremu 24 kwa sekunde hiyo ni fremu 11. Kwako wewe kiuno kiko mita 10 hewani, kitambaa kinatumia sekunde 1.43, fremu 34. Mwili unatembea kwa mwendo wa mtu wa kawaida kwa sababu uliuanimeti kwa mkono, ila nguo inaanguka kama pazia la uwanja wa mpira. Hapo ndo jicho linasema anaogelea, na mteja wako hakukosea.

Sasa hilo goti. Kwenye setingi za kugusana, ile distansi ya kawaida ni 0.015, yani sentimita moja na nusu. Kwa mtu wa mita 1.68 inatosha kabisa. Kwa jitu lako la mita 16.8 hiyo ni sawa na milimita moja na nusu, karatasi. Ongeza na mwendo: mguu ukirushwa kwa mita 3 kwa sekunde, kwa fremu moja unasogea sentimita 12.5, ukigawa kwa stepu 5 ni 2.5 kwa kila stepu, hapo tayari ni pembamba. Kwako zidisha mara kumi, goti linaruka sentimita 25 kwa stepu moja wakati ulinzi ni sentimita moja na nusu. Stepu hii goti liko ndani ya dera, stepu inayofuata lishavuka upande wa pili na kompyuta haikuliona likipita. Ndo maana hata 10 haikukusaidia.

kijana_wa_render ushauri wako unaonekana kufanya kazi na ndo ubaya wake. Mzizi wa 10 ni 3.16, kwahiyo kwa jitu lake Spidi 3 ingeshusha dera karibu na mwendo sahihi, angeshangilia, halafu goti lingeendelea kutoboa vilevile na asingejua kwanini.

Kwahiyo: chagua rigi (mifupa inayomwendesha mama) na kila kilichofungwa kwake, S, 0.1, halafu aplai skeli kwa vyote, amecha (ndo hiyo mifupa), mwili, dera, khanga. Rudisha priseti ya Pamba, uzito 0.3, Spidi 1. Beki fremu 60 tu za mwanzo uone, usibeki 336 kila unapogusa slaida, utazeeka.

MchoraTanga

Aisee. Mita kumi na sita. Nilitoa hii meshi (umbo la 3D) kwenye programu nyingine nikaona inakaa vizuri kwenye kamera sikuuliza.

Nimefanya ulivyosema. Sasa dera liko sawa akiwa amesimama LAKINI nikicheza animesheni mama anaruka kutoka mlangoni mpaka nje ya kijiji, kiuno kinaenda mita kibao, miguu inabaki inamfuata kama lastiki. Nimeharibu rigi???

FundiMeshi

Hujaharibu, nilisahau kukwambia samahani. Ukiaplai skeli kwenye amecha mifupa inapungua ila kurve za mwendo (grafu za animesheni) zinabaki na namba za zamani, kiuno bado kinaambiwa nenda mita 20. Kurve za kuzungusha ziko salama, digrii ni digrii. Zilizoharibika ni za lokesheni (kusogea) tu, na kwa kawaida ni mfupa wa nyonga na vile vidhibiti vya nyayo.

Fungua Grafu Edita, chagua kurve zote za lokesheni, weka pivoti (kitovu cha kupunguzia) iwe kasa ya 2D, kasa yenyewe iwe kwenye sifuri, kisha S, Y, 0.1. Zitarudi mahali pake. Fanya kwenye kopi ya faili lakini, usifanye kwenye faili mama.

Ikishindikana kabisa kuna njia ya mkato ya wavivu, acha jitu liwe jitu, gravity ya sini (mandhari nzima) ipeleke -98.1 na distansi 0.15. Inakubali ila mimi siipendi, kila kitu kingine utakachoweka baadaye, moshi, nywele, chochote, kitakugomea.

binti_cherehani

Jamani nimesoma toka juu nikasema nisipite kimya. Mimi sio mtu wa 3D sana, najifunza, ila mama yangu ni fundi nguo miaka mingi na mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani. Kaka umeomba namba sahihi za dera na namba sahihi za khanga. Khanga gani? Ya dukani au iliyofuliwa?

Khanga mpya ina wanga, ukiifunga inasimama, inafanya kona kona kama karatasi, ukikaa inabaki imekunjika ulivyoikunja. Ifue mara tano uone, inalala mwilini, inafuata nyonga. Kitambaa kilekile, pamba ileile, ila ukiangalia kwa macho ni nguo mbili. Huyo mama wako wa makamo anatoka tu nje kumwita mtoto, hawezi kuwa na khanga mpya ya kutolea, hiyo ni khanga ya nyumbani. Kwahiyo ule ugumu wa kukunjika, Bendingi, usiuache 0.5 ya Pamba, shusha hata 0.1 hivi. Ingekuwa anaenda harusini ningekwambia ipandishe mpaka 2 au 3.

La pili ni hayo maandishi. Chukua khanga ya kweli hapo ulipo, ishike pande mbili uvute kwa kufuata uzi. Haivutiki. Sasa shika kona na kona ya mshazari uvute. Inavutika, sio? Ndo maana fundi akitaka nguo iangukie vizuri anakata kwa mshazari, inakula kitambaa lakini inalala. Sasa kwenye Blender nimeona kuna Tensheni na kuna Shia, nadhani Tensheni ndo kuvuta kwa uzi na Shia ndo kuvuta kwa mshazari, mtanirekebisha. Kama ni hivyo basi khanga inataka Tensheni kubwa na Shia ndogo, wewe umeziacha zote zinavutika ndo maana "Wema hauozi" imekuwa puto.

Na meshi yako ya khanga je, umeitengeneza vipande vya mraba vinavyofuata pindo? Kama umekata ovyo ovyo uzi wako unaelekea wapi sasa?

FundiMeshi

binti_cherehani hujahitaji kurekebishwa, ni hivyohivyo. Chemchemi za Tensheni ziko kwenye mistari ya meshi, za Shia zinakatiza vile vijumba kona kwa kona. Kwahiyo meshi ya mraba inayofuata pindo ndo uzi wenyewe, na hiyo ya mshazari umeieleza vizuri kuliko mafunzo mengi niliyoyaona.

Nitaongeza hapo. Khanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukianza na pleni ya vipimo hivyo ukaigawa vijumba vya sentimita 1.5 unapata kama veteksi (nukta za kona) 7,300, inatosha kwa mashine ya ramu 8. Tensheni peleka 40, ikibidi 60, Shia acha 5 au chini yake. Yale maandishi yafanye ndo rula yako. Kila ukibadilisha kitu simama fremu ya 100 uangalie herufi ya W, ikiwa imenenepa kuliko ulivyoiandika kitambaa kinavutika, pandisha Tensheni, pandisha na Kwaliti Stepu pamoja maana ugumu mkubwa na stepu chache ndo mwanzo wa nguo kulipuka.

Na lile suala la uzito. Ile 0.3 ni ya kila veteksi, sio ya nguo nzima. Khanga yako ya veteksi 7,300 mara 0.3 ni kilo 2,190, yani khanga ya tani mbili na ushee 😅 Kwahiyo usiziamini kama kilo za dukani. Muhimu ujue kwamba ukisabdivaidi meshi (ukiigawa vijumba zaidi) unaongeza uzito wote bila kugusa slaida, nguo inaanza kuning'inia na kuvutika pale ilipobanwa, mtu anabaki anashangaa jana ilikuwa sawa. Sabdivisheni iwe chini ya Kolothi (simulesheni ya nguo yenyewe) kwenye orodha ya modifaya, isiwe juu. Amecha juu kabisa, halafu Kolothi, halafu Sabdivisheni, Solidifai (ya kuipa nguo unene) mwisho.

MchoraTanga

binti_cherehani shikamoo kwa mama, nimeenda kuchukua khanga ya dada yangu kabatini nimevuta kona kwa kona nimecheka mwenyewe.

Kurve zimerudi, mama anatembea mlangoni kama mtu. Dera linashuka pamoja naye sasa hivi!! Goti halijatoka tena kwenye ngazi, nimeweka stepu 12. Ila akigeuka ghafla bado linachungulia kidogo fremu 2 au 3 hivi. Na kwapa linatetemeka vilevile. Halafu khanga imeingia ndani ya dera, ziko zinapigana.

ami_wa_Likoni

Ami kwapa hilo usilipiganie na slaida, hutashinda. Angalia mwili wenyewe bila nguo, mkono ukishuka nyama ya mkono inaingia ndani ya nyama ya ubavu, si ndiyo? Sasa kitambaa kiko katikati, mkono unakisukuma huku, ubavu unakisukuma kule, na kote ni ndani ya mwili. Kompyuta haina pa kukiweka, kila fremu inakirusha upande. Hata ukitia stepu 50 kitatetemeka kwa ufasaha zaidi tu.

Mimi hufanya hivi, nakopi mwili, ile kopi naikonda kidogo, nakata mikono kuanzia juu ya kiwiko kwenda chini, vidole vyote vya nini, hiyo ndiyo naipa Kolizheni (ya kugusana na nguo) na naificha kwenye renda (picha ya mwisho). Mwili wa kweli hauna Kolizheni kabisa. Kisha kwapani na mabegani napaka weiti ya pini (kiasi cha kushikizwa mwilini), 1 kwenye mshono wa bega, 0.8 kwapani, nashuka polepole mpaka 0 chini ya kifua. Dera la kweli nalo hufanya hivyo hivyo, linaning'inia mabegani, kifuani kushuka chini ndiko linacheza. Hakuna mtu ataangalia kwapa la mama anayemwita mtoto, wataangalia pindo.

Goti la fremu 2 tatu, weka Maski kwenye mwili wa kweli ufiche mapaja na magoti kwenye renda. Mguu usiokuwepo hautoboi. Bora dera lisiwe lile jepesi la kuonyesha, maana hapo utaonekana hewa tupu.

Khanga na dera kupigana: kwa Blender nguo haisukumani na nguo nyengine kwa kupeana na kupokea. Beki dera kwanza lenyewe. Halafu dera mpe Kolizheni, iwe chini ya Kolothi kwenye ile orodha, ndipo ubeki khanga juu yake. Khanga italiheshimu dera, dera halitaijua khanga. Kwa hivyo kiunoni dera halitabanwa, litafura chini ya khanga, utaona tumbo la ajabu. Dawa yake lishone dera jembamba hapo kiunoni toka kwenye meshi, upake pini kama mkanda, 0.6 au 0.7.

Na lile fundo la khanga wallahi usijaribu kulisimuleti. Mimi nililijaribu mwezi mzima. Lichonge kwa mkono kama kidude chake, ulifunge kwenye mfupa wa nyonga, veteksi zinazolizunguka zipini 1. Imekwisha.

kijana_wa_render

Sawa nimekubali ya Spidi 😅 ila swali, kwani lazima asimuleti? Mimi dera ningeweka mifupa sita kwenye sketi nikaianimeti kwa mkono, hakuna kubeki.

nairobi_polygon

Inategemea. Kwa gemu ya simu hiyo ndio njia, hata mimi sa hii niko na karakta wa kanzu kwa Unity (programu ya kutengeneza gemu) na nimetumia mifupa tu. Kolothi ya Unity yenyewe inagusana na tufe na kapsuli peke yake, haioni mwili wako, na simu ya watu wengi itaanza kupata moto mfukoni. Lakini hii yake ni video, inarendwa mara moja, na ako na mama anageuka ghafla. Hapo kwa kugeuka ndio dera linafanya ile kitu, mwili umesimama na kitambaa bado kinazunguka kinajifunga kwa miguu halafu kinajifungua. Ukifanya hiyo kwa mkono na mifupa sita utalia. Asimuleti.

Kitu ingine sijaona mmesema, MchoraTanga fremu yako ya kwanza mama ako pozi gani? Kama anaanza akiwa tayari ameinua mguu kwa mlango, nguo inazaliwa ikiwa imekunjika vibaya na haitawahi kukaa sawa. Sukuma animesheni yote mbele fremu 40. Fremu ya 1 asimame mikono imefunguka vile ulimshonea dera, mpaka ya 25 aingie kwa pozi polepole, ya 25 hadi 40 atulie tu dera lilale. Renda kuanzia 41. Na usiwahi kuhukumu ukiwa umeruka katikati ya taimulaini, cheza kutoka 1 ama ubeki, ukiruka unaona uongo.

MchoraTanga

Nimerudi, ni saa nane usiku, sijalala.

Fremu 40 za mwanzo ndo zimeniua, kumbe mama alikuwa anaanza tayari ameshika mlango na bega limeinuka, dera lilikuwa linazaliwa limenaswa kwapani kutoka fremu ya kwanza. Nimeweka mwili wa kopi bila mikono, kwapa limetulia kabisa. Bendingi ya khanga nimeiacha 0.15, Tensheni 50, Shia 3, herufi ya W iko vilevile fremu ya 41 na fremu ya 300 nimepima na rula ya kwenye skrini kama mwendawazimu. Dera nimeliweka karibu na Hariri, uzito 0.15, Bendingi 0.05, stepu 12. Kubeki dera dakika 35, khanga dakika 20.

Akigeuka sasa dera linamzunguka, linafunga miguu, linafunguka. Nimeirudia kuangalia hiyo sehemu tu kama mara thelathini.

Limebaki moja, pindo la khanga nyuma linajitoboa lenyewe pale linapokunjika, nikiwasha kujigusa mashine inakufa.

FundiMeshi

Kujigusa washa kwenye khanga tu, dera lizime, halina mikunjo ya kugusana kiasi hicho. Na ile distansi ya kujigusa iwe ndogo kuliko upana wa kijumba chako, una vijumba vya 1.5 weka 0.008 hivi, ukiacha ileile 0.015 veteksi jirani zinasukumana zenyewe kwa zenyewe ndo maana inakufa. Sevu faili kabla hujabonyeza beki.

binti_cherehani

Au mgeuze mama kwa upande mwingine, huko nyuma asionekane. Mama yangu mshono ukimshinda huwa anaupeleka ndani 😂

MchoraTanga

Nimesogeza kamera.